Mwalimu Aliyeziba Matundu kwa Nta

Mwalimu haamini waya ambao hakuubana kichwa mwenyewe. Umletee waya wa mtandao mpya kabisa, bado uko kwenye mfuko wake wa dukani, ataushika, ataugeuza, atakitazama kile kichwa cha plastiki kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe mnadani, kisha atakikata na kukitupa. Halafu atabana kingine kwa koleo lake, nyaya nane nyembamba zimepangwa kwa rangi, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Akimaliza anavuta kwa nguvu zote. Kisichochomoka ndicho anachokiamini.

Jina la mama huyu silitaji, naye hapendi kutajwa. Mjini Moshi, kuanzia Rau anakoishi mpaka Soweto ninakopanga chumba kila ninaporudi kutoka kwenye mizunguko yangu, ukisema "Mwalimu wa fizikia" inatosha. Alitufundisha kidato cha tatu na cha nne, akastaafu, na mpaka leo wanaume wenye mvi, wenye magari na wajukuu, wakimwona barabarani wanaficha sigara kwanza ndipo wanasema shikamoo.

Ninaandika haya nikiwa Tunduma, mbali na mlima, na zile siku tatu za mwisho nilizokaa naye bado hazijanitoka mwilini. Nikizikumbuka nasimama, natembea chumbani, nakaa tena. Kwa hiyo msomaji anivumilie nikirukaruka.

Siku hizo tatu zilihusu jambo moja. Juu kule, karibu na msitu unapoanzia, kuna zahanati ndogo. Mradi mmoja uliwapa mashine ya kupimia wajawazito, ile inayoonyesha mtoto tumboni kwenye kioo. Zahanati haina daktari wa kusoma picha hizo, ina nesi tu. Kwa hiyo picha zilitakiwa kushuka kwa mtandao, papo hapo, hadi kwa daktari aliyeko mjini, naye aseme anachokiona. Kati ya mashine na mtandao kulikuwa na kasha dogo la bati, kompyuta isiyo na kioo wala kibodi, yenye milango miwili ya waya: mmoja picha zinaingilia, mwingine zinatokea. Kasha hilo alilitengeneza Mwalimu. Picha zilishuka, lakini zikichechemea. Mradi ukasema afisa wao atapanda Ijumaa na gari, na kama bado zinachechemea, mashine inaondoka.

Hiyo ilikuwa Jumatano asubuhi. Nitafika huko. Kwanza nimweleze mwenyewe, maana bila kumjua hutaelewa kwa nini ilituchukua siku mbili kuona kitu kilichokuwa mbele ya macho yetu.

Swali lake kubwa ni hili: "Umepima au umedhani?" Nililipata mara ya kwanza kwenye maabara ya shule. Balbu yangu ilikataa kuwaka, nikanyoosha mkono nikasema betri imekufa. Akaniuliza. Basi akaniamuru nilibebe lile betri nizunguke nalo meza zote za darasa, moja moja, na kwenye kila meza nilijaribu kwa balbu ya mwenzangu. Likawasha zote. Kisha nikabeba balbu yangu, nayo nikazunguka nayo. Ikawaka kila mahali. Niliporudi mezani kwangu nilikuta kumbe sikuikaza balbu mpaka mwisho. Walinicheka wiki nzima. Nimeshabeba mizigo ya wageni hadi kileleni, nimekuwa utingo wa malori, nimechimba mawe Mererani, nimevuta nyaya juu ya minara ya mikoa saba, na popote nilipokwenda sijalaumu betri tena.

Mimi sikai mahali. Hilo analijua na halimsumbui. Wengine nikirudi wananiuliza lini nitatulia, lini nitaoa tena, lini nitajenga. Yeye ananiuliza, "Umerudi na nini kichwani?" Mwaka mmoja nilimjibu kwamba sina kitu, isipokuwa nimejifunza kwa utingo mwenzangu kujua tairi lipi limepungua upepo kwa kusikiliza mlio wa lori likipita. Akachukua daftari. Akanikalisha saa nzima nimweleze milio, tairi la mbele linasemaje, la nyuma ndani linasemaje. Nilipomaliza akafunga daftari akasema, "Hicho ndicho kitu. Usiseme huna kitu." Nilitoka pale natembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba, chumba kilichokuwa cha ndama, na siku za mvua bado kinanuka ndama. Skrubu zimekaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila kopo limeandikwa kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Adui yake mkubwa ni sisimizi. Anasema sisimizi wanapenda vyuma vyenye joto kuliko sukari, na nimeona mwenyewe redio aliyoifungua ikiwa imejaa mayai. Ndiyo maana kasha lolote linalotoka mikononi mwake, kila tundu lisilotumika limezibwa kwa nta ya nyuki. Analainisha nta kwenye kijiko juu ya jiko la mafuta ya taa, anaimwaga, anaisawazisha kwa kidole gumba. Alama ya kidole inabaki. Ukikuta kasha lenye kidole gumba kwenye nta popote mlimani, ujue ni lake.

Haya ya kompyuta aliyaanza akiwa ameshastaafu. Mtoto wake aliyeko ng'ambo alimtumia kibao kimoja cha kompyuta, kidogo kama sabuni ya kuogea, ili achezee. Hakuchezea. Alikaa nacho miaka miwili. Mlango wake wa mtandao ulikuwa haufanyi kazi, kwa sababu ile programu ndogo inayousimamia, mafundi wanaiita draiva, ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kibao cha aina nyingine. Mtu mwingine angenunua kibao kingine. Yeye alisoma vitabu, akauliza watu asiowajua wa nchi asizozijua, akaandika draiva yake mwenyewe, mstari kwa mstari. Na kila ujumbe ambao kasha lake linampa fundi aliuandika kwa Kiswahili. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hapa Rau litaongea na nani? Na mimi. Basi liongee ninavyoongea."

Wafugaji wa juu wakasikia. Wakaja kumwomba makasha ya kusoma joto la matangi ya maziwa na kupeleka habari mjini kila baada ya dakika kadhaa. Makasha hayo yalikaa huko miaka sita hayakuzima hata siku moja. Ukitaka kumwona Mwalimu akitabasamu, ulizia makasha ya maziwa.

Sasa, usidhani ni mtu wa kupima kila kitu. Mtori wake ni balaa. Ndizi zinachemka vizuri, nyama ni laini, lakini chumvi anaitupa kutoka mbali kama anayelisha kuku. Siku moja nilijikaza nikamuuliza, "Mwalimu, hii chumvi umepima au umedhani?" Akanitazama juu ya miwani. "Kula," akasema.

Wala si mtu wa kusifu. Neno lake la juu kabisa ni "inafanya kazi." Alialikwa harusini kwa binti aliyemfundisha, akapewa kipaza sauti amzungumzie bibi harusi. Ukumbi mzima ukatulia. Mwalimu akasema, "Huyu binti anafanya kazi," akarudisha kipaza sauti, akakaa. Bibi harusi alilia kwa furaha, kwa sababu alijua thamani ya alichopewa.

Na ukimpa pole anakasirika. Alipovunjika mkono nilikwenda kumwona, nikasema pole, akanijibu, "Pole haiungi mfupa. Shika hapa nifungie hili kasha." Nikashika.

Basi, Jumatano ile asubuhi nilikuwa Soweto, begi limeshafungwa, nangoja basi la Jumamosi. Simu ikalia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Waya wako unatuhumiwa."

Waya upi? Ule nilioushusha kutoka kwenye mnara mdogo hadi ndani ya zahanati, miezi michache nyuma. Afisa wa mradi alishasema kwenye simu kwamba kosa ni la waya, mafundi wa mtaani hawajui kuvuta.

"Mwalimu, ule waya niliuvuta vizuri."

"Sijasema ni wewe. Nimesema unatuhumiwa. Njoo na kamba yako ya kupandia."

Tulipanda kwa pikipiki mbili, kati ya migomba na kahawa, hadi baridi ilipoanza kuingia mikononi. Nesi alitupokea mlangoni. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwepesi wa maneno. Akatuambia bila kutukaribisha chai kwanza, na huko juu hilo si jambo dogo: wiki mbili zilizopita alimteremsha mama mmoja kwa pikipiki ili akapimwe mjini, mama akajifungulia njiani, kwenye kihamba cha watu, shamba la migomba la nyumbani, mvua inanyesha. Wote wawili walipona. "Mara ya pili sijui," Nesi akasema. "Nataka hii mashine ibaki. Mengine yote mtajua wenyewe."

Akampigia daktari simu ili tusikie. Daktari alikuwa mpole lakini amechoka. "Naona moyo wa mtoto," akasema, "halafu picha inaganda. Ikirudi, moyo uko mahali pengine. Katikati sijui kilitokea nini. Siwezi kumpa mama jibu kwa picha kama hizo. Nikikosea, anayeumia ni yeye."

Mwalimu akavua koti, akapandisha mikono ya sweta. Akaanza na waya wangu. Nilipanda mnarani, akakata kichwa cha chini, mimi nikakata cha juu, tukabana upya vyote viwili. Akachomeka kompyuta yake ndogo, akasukuma data ya kujaribia kupitia kasha. Ilitakiwa zipite megabiti mia kila sekunde. Zikapita tano.

"Waya wako mzima," akaniambia. Hakuongeza neno, nami sikutaka zaidi.

Kisha akachukua waya wa futi tatu, akaunganisha kompyuta yake na kasha pale pale juu ya meza ya dawa, hakuna mnara, hakuna mtandao wa mji. Tano. Sasa tulijua ugonjwa hauko barabarani, uko nyumbani. Akaangalia kama kuna vipande vya data vinavyoharibika njiani. Hakuna hata kimoja. Akaangalia kama pande mbili za waya zimekubaliana mwendo, maana upande mmoja ukidhani wanaongea kwa zamu na mwingine ukidhani wanaongea kwa pamoja, kazi inakwama namna hiyo hiyo. Zimekubaliana. Kila jibu aliliandika kwenye daftari. Nesi alikuwa anapita na trei ya sindano, akichungulia.

"Mnapata?"

"Tunajua pale ambapo hapana tatizo," Mwalimu akasema.

"Huko nako mnakujua sana sasa."

Alhamisi tulirudi mapema. Mwalimu akatazama ubongo wa kasha unafanya nini wakati data zinapita tano. Hapo macho yalimtoka. Ubongo ulikuwa na shughuli tele, haupumziki hata kidogo, na bado kazi haiendi. Kama mtu anayetoka jasho na gunia begani huku hajasogea hatua moja. Akapanua nafasi ya foleni ambamo vipande vinasubiri kuhudumiwa. Hakuna mabadiliko. Akabadilisha umeme wa kasha, labda ni dhaifu. Hakuna. Akahamisha kasha kutoka juu ya friji ya chanjo, akaliweka kitandani, akaisogeza hata friji yenyewe, labda kuna kitu kinapiga kelele kwenye nyaya. Hakuna. Mchana ulikuwa unakwisha. Nesi alikuwa ameegemea mlango, amefumbata mikono.

"Mwalimu, naomba niulize kitu cha kijinga."

"Hakuna cha kijinga. Uliza."

"Tangu jana umepima kila kitu humu ndani. Hadi friji yangu umeihamisha. Hilo kasha lenyewe hulifungui. Kwa nini?"

"Kasha hilo ni sawasawa na yale ya maziwa. Limefanya kazi miaka sita."

"Sikuuliza maziwa, mama."

Nikajishughulisha na kamba yangu. Sijawahi kumsikia mtu akimjibu Mwalimu hivyo, na hakika mimi nisingethubutu. Mwalimu akaligeuza kasha. Kwenye upande wa kasha kuna tundu dogo la nyaya tatu, ambalo fundi anachomeka waya wake ili asome kasha linasema nini lenyewe kwa lenyewe. Tundu hilo lilikuwa limezibwa kwa nta, na juu ya nta kulikuwa na kidole gumba chake. Akaomba kisu.

Alikwangua kwa uangalifu, chembe zikaanguka kwenye shuka jeupe. Akachomeka waya. Akasukuma data tena. Na kwenye kioo cha kompyuta yake maneno yakaanza kupanda, mstari mmoja, mwingine, mwingine, bila mwisho, yote yale yale:

Karibu. Umefika salama.
Karibu. Umefika salama.
Karibu. Umefika salama.

Nesi akasogea, akasoma kwa sauti, akaanza kucheka hadi akashika meza. "Huyu ni bibi yangu," akasema. "Nilikuwa nikitumwa sokoni pamoja naye nikiwa mdogo. Kila anayekutana naye lazima asimame. Habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, yule mwenye mguu anaendeleaje. Tukifika sokoni watu wanafunga."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameshaelewa, na mimi niliyeishia kidato cha nne nikaelewa sekunde chache baada yake, mwili wote ukasisimka. Picha moja ya mtoto hukatwa vipande vingi sana, na kila kipande kinaingia mlangoni peke yake. Kwa kila kipande, draiva ilikuwa inasimama kwanza, inaandika neno la kukikaribisha kwenye ule waya mdogo wa fundi, ambao ni wa polepole sana, inangoja herufi ya mwisho itoke, ndipo inakipokea kinachofuata. Haikujali kama kuna mtu anasoma au hakuna. Kwa joto la maziwa, kipande kimoja baada ya dakika kadhaa, neno moja la kukaribisha lilikuwa si kitu. Kwa moyo wa mtoto unaopiga, maelfu wakasimama barazani wakingoja kusalimiwa.

"Uliliweka wewe hilo neno?" nikamuuliza, ingawa nilijua. Duniani kote ni nani mwingine angeiandika draiva kwa Kiswahili?

"Mimi." Akavua miwani akaifuta kwa sweta. "Miaka miwili kile kibao hakikupokea kitu. Miaka miwili. Siku kipande cha kwanza kilipoingia, nilikiandikia karibu. Nilitaka tu kuona. Kisha ikanibidi niufute ule mstari, kwa sababu ulikuwa wa majaribio." Akairudisha miwani. "Sikuwa na moyo wa kuufuta."

Mtu huyu aliyenizungusha darasa zima na betri. Nilitamani kumwambia pole, nikajizuia.

Ijumaa asubuhi alikuwa ameshautoa ule mstari, lakini draiva ilipaswa kujengwa upya na kompyuta yake ni ya zamani, inafanya kazi kwa kulalamika. Ilikuwa bado inasaga wakati gari la mradi lilipoingia uani, la wazi nyuma, limebeba godoro na kamba za kufungia mashine. Afisa alishuka, kijana mtanashati wa Dodoma, mwenye haraka ya kistaarabu. Akamwamkia Mwalimu vizuri. Akasema anasikitika, lakini maagizo ni maagizo. Kitandani alikuwa ameshalazwa mama mwenye mimba kubwa, na mama mkwe wake amekaa pembeni ameshika kanga.

"Dakika kumi," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, tangu mwezi uliopita ni dakika kumi."

"Hizi ni zangu. Zile zilikuwa za wengine."

Afisa akatazama saa, akakaa kwenye benchi. Kompyuta ikamaliza. Mwalimu akaipandisha draiva mpya kwenye kasha, akasukuma data ya kujaribia. Themanini. Tisini. Tisini na tatu. Alizitazama namba, akamwashiria Nesi. Nesi akapaka dawa tumboni kwa yule mama, akaweka kifaa, akampigia daktari simu, akaiweka kwa sauti ya wazi juu ya friji.

Nilisikia magari ya mjini tu ndani ya simu.

"Daktari, upo?" Nesi akauliza.

"Nipo. Msiguse chochote." Nesi akashikilia kifaa pale pale. "Sogeza kushoto kidogo. Hapo. Subiri, ngoja niuangalie tena." Kisha sauti yake ikabadilika, uchovu wote ukatoka. "Nauona unafunga na kufungua. Nauona wote. Moyo ni mzuri. Kichwa kimeshageuka chini. Mama, nenda nyumbani ukale."

Mama mkwe akainuka akamshika Mwalimu mikono yote miwili. "Aika, mae," akasema, ndiyo asante mama kwa lugha ya kwetu, akairudia na kuirudia. Nilitoka nje nikaruka juu mara mbili kama mwehu, mtu wa miaka arobaini na kitu, kisha nikarudi ndani nimetulia.

Afisa naye alikuwa anatabasamu. Akatoa karatasi yake. "Mashine inabaki. Naandika tu: tatizo la mtandao limetatuliwa."

"Mtandao haukuwa na tatizo," Mwalimu akasema. "Waya wa huyu haukuwa na tatizo. Andika kosa lilikuwa kwenye kasha, na kasha ni langu."

"Si lazima, Mwalimu. Hakuna anayeuliza."

"Mimi nauliza. Na nina swali lingine. Zahanati mbili za upande wa mashariki, mlichukua mashine zao. Mlisema mtandao wa huko ni mbaya."

"Ndiyo. Picha zilikuwa zinaganda."

"Makasha yao yalikuwa ya nani?"

Afisa akatazama karatasi, ingawa haikuwa na jibu. Nesi akaacha kukunja shuka. Sote tulilijua jibu kabla hajalisema.

"Yako, Mwalimu."

Nilidhani atakaa chini. Uso wake ulishuka, mara ya kwanza nikamwona ni mzee. Kisha akachukua koleo, daftari na kompyuta, akavitia kwenye mkoba, akatoka uani. Ua wa zahanati umezungushwa mimea ya masale, kama vihamba vyetu vyote. Akachuma majani matatu marefu. Akalifunga moja fundo, akarudi, akampa Nesi kwa mikono miwili. Nesi akalipokea ameinamisha kichwa, bila utani sasa, kwa sababu kwetu anayekuletea jani la sale amekuja kuomba radhi, na huwezi kumkatalia.

"Kwa ajili ya yule aliyejifungulia mvua ikinyesha," Mwalimu akasema. "Mfikishie."

"Nitamfikishia, mama."

Yale mawili mengine akayafunga mafundo anatembea, akaenda hadi kwenye gari la mradi, akafungua mlango wa mbele, akapanda, akajifunga mkanda. Afisa alisimama na funguo mkononi.

"Mwalimu, mimi nashuka ofisini."

"Mashine zao ziko wapi?"

"Stoo. Mjini."

"Zimeshapewa wengine?"

"Bado."

"Basi tunapita stoo, halafu tunapanda mashariki. Makasha nitayafungua huko huko."

"Kuna utaratibu, Mwalimu. Kuna barua za kuandika."

"Nitaziandika humu garini, mwandiko wangu unasomeka. Washa gari, mwanangu, bado mapema."

Afisa akanitazama mimi, nikainua mabega tu. Alijaribu kumtazama Nesi, Nesi akawa anamfungulia geti. Basi akapanda. Mimi sikuulizwa, nikarukia nyuma na kamba yangu, nikakaa juu ya lile godoro alilokuja nalo la kulazia mashine. Gari likaanza kushuka katikati ya migomba. Nilipochungulia kupitia kioo, majani mawili ya sale yalikuwa yamelazwa juu ya dashibodi, Mwalimu ameshafungua daftari magotini, na kwa mkono mwingine anamwonyesha afisa njia ya mkato.